Sauti za Kukodi: Historia ya WKRP in Cincinnati, Mchezo wa Redio katika Televisheni ya Marekani

Mnamo tarehe 18 Septemba 1978 shirika la televisheni la CBS nchini Marekani lilianza kuonyesha mchezo wa kuchekesha wa mfululizo ulioitwa WKRP in Cincinnati. Mchezo huo ulihusu watumishi wa kituo cha redio kilichokuwa mkiani kwa wasikilizaji na kwa fedha, nao uliendelea hadi tarehe 21 Aprili 1982, jumla ya sehemu 90. Kwa mhakiki aliyezoea kuipima sanaa kwa kitabu, jambo hili huenda likaonekana dogo. Michezo ya aina hii hutungwa kwa haraka, huonyeshwa mara moja kwa juma, hukatizwa na matangazo ya sabuni na magari, kisha aghalabu husahauliwa. Hata hivyo kazi hii haistahili kupuuzwa na watu wa lugha. Maudhui yake makuu ni sauti ya mwanadamu inapokuwa bidhaa, na historia yake baada ya 1982 ni historia ya kazi iliyokwama katika biashara ile ile iliyokuwa ikiicheka, hata maneno yake yenyewe yakabadilishwa bila ya mtazamaji kuarifiwa.

Kwanza hapana budi hali ya redio ya Marekani ielezwe, kwa kuwa bila ya maelezo hayo kicheko chenyewe hakieleweki. Katika Afrika ya Mashariki redio ilikuwa, kwa miongo mingi, chombo cha serikali. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, haikuwa na mpinzani wa kuinyang'anya wasikilizaji. Hadi Capital FM ilipoanza Nairobi mwaka 1996, mtangazaji hakuwa na sababu ya kuamka usiku akihofia hesabu ya masikio. Marekani mambo yalikwenda vingine tangu miaka ya 1920. Huko kituo ni mali ya mtu au kampuni, na riziki yake ni matangazo ya biashara. Bei ya tangazo hutegemea idadi ya wanaosikiliza, na idadi hiyo ilikadiriwa kwa daftari ndogo ambazo kampuni ya Arbitron ilizigawa kwa watu waandike walisikiliza nini na saa ngapi. Daftari zikiwa mbaya, mkuu wa vipindi hufukuzwa, nyimbo hubadilishwa, hata majina ya watangazaji hubadilishwa. Mtu aliyelala akisikia nyimbo za taratibu huamka akakuta roki.

Jina la kituo nalo lina mzaha wake. Sheria za mawasiliano za Marekani hukipa kila kituo herufi za kukitambulisha: walio mashariki ya mto Mississippi huanza na W, walio magharibi huanza na K, isipokuwa vichache vya zamani. Herufi tatu zinazofuata katika jina hili, zikitamkwa pamoja na kutiwa irabu, huleta neno la Kiingereza la mitaani lenye maana ya takataka, na maana nyingine iliyo chafu kuliko hiyo. Mji nao haukosi kejeli, iwe ilikusudiwa au haikukusudiwa. Cincinnati, ulioko ukingoni mwa mto Ohio, ndio mji wa kituo cha WLW ambacho kati ya 1934 na 1939 kilipewa idhini ya majaribio kutangaza kwa nguvu ya wati 500,000, kipimo ambacho hakuna kituo kingine cha mawimbi ya kati cha Marekani kilichoruhusiwa kukitumia. Katika mji uliowahi kusikika karibu nchi nzima, mtunzi aliweka kituo kisichosikilizwa hata mtaani kwake.

Mtunzi huyo, Hugh Wilson, hakuwa mgeni wa mambo haya. Aliwahi kufanya kazi ya matangazo ya biashara mjini Atlanta, na huko aliwafahamu watu wa kituo cha WQXI. Meneja wa kituo hicho, Jerry Blum, na mtangazaji wake Bobby Harper, wanatajwa kuwa vielelezo vya wahusika wawili wakuu wa mchezo. Kutokana na ujuzi huo wa karibu, mchezo hauna ile hali ya kuikejeli kazi usiyoijua. Waliofanya kazi redioni nchini Marekani wameusifu kwa kusema kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa, na sifa hiyo ina uzito kuliko ya mhakiki.

Hadithi huanza kwa kuwasili kijana Andy Travis, mkuu mpya wa vipindi, katika kituo kinachopiga ala tulivu za wazee. Anaamua kwa siku moja kukigeuza kiwe kituo cha roki. Anamkuta meneja Arthur Carlson, mtu mzima mwoga, mwema, anayechezea fimbo ya kuvulia samaki ofisini; kazi yake ameipata kwa kuwa mama yake ndiye mwenye mali. Herb Tarlek anauza nafasi za matangazo akiwa amevalia suti za mirabaraba na mshipi mweupe. Jennifer Marlowe wa mapokezi ana urembo ambao katika michezo mingine ya wakati ule ungefanywa kuwa upumbavu. Hapa ndiye mwerevu kuliko wote, ndiye anayelipwa vizuri kuliko wengi, na haandiki barua wala hapiki kahawa. Bailey Quarters, msichana mwenye haya aliyesomea mambo ya utangazaji, anapanda polepole hadi kusoma habari. Si wote waliochorwa kwa kina sawa. Andy, ambaye ilitazamiwa awe nguzo ya mchezo, amebaki kuwa mtu wa kuwatazama wengine wakichekesha.

Mtangazaji wa asubuhi ndiye anayefungua mjadala wa sauti. Alipowasili Cincinnati alikuwa amekwisha kutumia majina kadhaa katika vituo kadhaa, maana kila kituo kilimpa jina lake. Alifukuzwa Los Angeles kwa kulitamka hewani neno la kitoto linalotaja makamasi makavu. Katika sehemu ya kwanza anakaa mbele ya maikrofoni akipiga nyimbo za wazee kwa sauti ya mtu aliyechoka. Anapoambiwa kwamba kituo ni cha roki kuanzia dakika ile, anaikwangua sindano juu ya sahani, anageuka mwili na sauti, anajizulia jina jipya papo hapo, Dr. Johnny Fever, na kwa furaha analitamka lile neno lililomfukuzisha. Mchezaji wake, Howard Hesseman, aliwahi kuwa mtangazaji kweli katika kituo cha KMPX cha San Francisco miaka ya 1960, na hilo linaonekana katika mikono yake kuliko katika maneno. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba jina na sauti havimkai mtu huyu kama mali yake. Ni vazi la kazi: huvaliwa mlangoni na huachwa mlangoni.

Hali ya Les Nessman, mkuu wa habari, ni kinyume cha hiyo. Huyu hana sauti mbili. Anajiona mwandishi mkubwa wa habari, anajivunia tuzo za habari za kilimo na mifugo, na kwa kuwa amenyimwa ofisi amebandika utepe sakafuni kuzunguka meza yake kuonyesha mahali ambapo kuta zingekuwa. Wenziwe hulazimika kubisha hodi kwenye mlango usiokuwapo. Kwa wanaisimu, mashuhuri zaidi ni namna anavyosoma majina ya kigeni. Jina la mchezaji gofu wa Puerto Rico, Chi Chi Rodriguez, yeye hulisoma herufi kwa herufi kwa kanuni za Kiingereza, hata likawa si Kihispania wala Kiingereza, na hulisoma kwa utulivu wa mtu asiyeshuku kitu. Kicheko hapa hakimwangukii mgeni mwenye jina, kama ilivyokuwa desturi ya vichekesho vingi vya Marekani, bali kinamwangukia msomaji mwenye mamlaka. Yeyote aliyewahi kusikia majina ya Kiafrika yakisomwa na mashirika makubwa ya nje atafahamu kwa nini jambo hilo si dogo.

Sehemu iliyoonyeshwa tarehe 30 Oktoba 1978 ndiyo inayotajwa mara nyingi kuliko zote. Carlson, akitaka kuonyesha kwamba naye ni meneja, anapanga kwa siri jambo la kukitangaza kituo kwa ajili ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha kwa kula bata mzinga. Les anatumwa nje ya maduka kutangaza moja kwa moja. Helikopta inatokea. Kitu cheusi kinaanguka, kisha kingine. Les anadhani ni watu wa miavuli. Anangoja miavuli ifunguke, haifunguki. Mwishowe anafahamu: ni bata mzinga walio hai wanaotupwa kutoka angani, nao wanapasuka juu ya magari na lami huku umati ukikimbia.

Nguvu ya tukio hili ni kwamba mtazamaji haoni hata bata mmoja. Anamwona Les na maikrofoni yake, na anawaona wenziwe studioni wakisikiliza kwa kuduwaa. Televisheni, ambayo fahari yake ni picha, hapa imeweka picha kando na kurudi kwa mtangulizi wake. Kila kinachotokea kinatokea katika kinywa cha msimulizi. Fani hii haikubuniwa hivi hivi. Maneno na pumzi za Les zinafuata masimulizi ya Herbert Morrison, mtangazaji aliyekuwapo Lakehurst, New Jersey, tarehe 6 Mei 1937, chombo cha angani cha Wajerumani kiitwacho Hindenburg kilipowaka moto na watu 36 wakafa. Sauti ya Morrison ilinaswa katika sahani ikatangazwa baadaye, na kwa Wamarekani wengi imekuwa ndiyo sauti ya msiba wenyewe. Kuitia sauti hiyo katika kifo cha bata ni tendo la ujasiri, na lingeweza kuwa la kikatili. Linalolinusuru ni kwamba Les hajui kwamba anachekesha. Kwake yeye ni msiba, na analia. Hata mgeuko wa pili, ambapo bata waliosalia wanajipanga na kuwashambulia watu, unasimuliwa tu, hauonyeshwi. Mwisho Carlson anaingia, nguo zimechanika, anamtaja Mungu kuwa shahidi wake kwamba alidhani bata mzinga wanaweza kuruka.

Mhusika wa pili wa kuangaliwa kwa makini ni Venus Flytrap, mtangazaji wa usiku, aliyechezwa na Tim Reid. Jina hili, la mmea ulao wadudu, amepewa na Andy. Jina lake halisi ni Gordon Sims, Mmarekani Mweusi aliyepigana Vietnam, akatoroka jeshini, na aliyewahi kuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1978 mtu Mweusi katika vichekesho vya televisheni alitazamiwa aingie kwa kelele na kutoka kwa kelele. Venus mwanzoni alikuwa na nguo za kelele kweli, lakini mwenendo wake ni wa mtu mwangalifu anayeficha kitu, na watunzi waliifuata siri hiyo hadi alipojisalimisha kwa jeshi.

Katika sehemu moja ya mwaka 1981 mwanamke anayesafisha ofisi anamwomba Venus azungumze na mwanawe, kijana mkubwa wa mwili aliyeacha shule na kuingia katika genge. Kijana ni mkali. Venus anaweka dau: akimfundisha asili ya atomu kwa dakika mbili, naye akaelewa, atarudi shule. Anachora mviringo ukutani na kuuita mtaa. Katikati kuna genge moja, pembeni linazunguka genge jingine lenye chuki, na kati yao kuna maili na maili za mahali patupu. Majina ya magenge yamechaguliwa yafanane na majina ya chembe katika kitabu cha sayansi, na ili kuyaunganisha Venus anamzulia kijana asili ya kiishio cha majina hayo: eti ni neno la kale la Mesopotamia lenye maana ya "jamaa". Etimolojia hiyo ni uongo mtupu, na mwanaisimu atakunja uso. Lakini kijana anarudia somo zima kwa maneno yake mwenyewe bila kukosea. Wale walioshughulika na kuunda istilahi za Kiswahili tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa Tanzania mwaka 1967 watalitambua tatizo hili. Kijana hakuwa na upungufu wa akili wala wa lugha. Alikosa mtu wa kumvusha kutoka lahaja moja ya Kiingereza hadi nyingine. Ni tafsiri ndani ya lugha moja, na ni nadra kuikuta imeonyeshwa kwa uwazi hivyo katika jukwaa la biashara.

Mchezo huu uliwahi pia kukutana na maafa ya kweli. Tarehe 3 Desemba 1979, mjini Cincinnati, watu 11 walikufa kwa kusongamana katika milango ya ukumbi wa Riverfront Coliseum, walipokwenda kuitazama bendi ya The Who. Viti havikuwa na namba. Aliyewahi ndiye aliyekaa mbele. Mji ulipiga marufuku utaratibu huo kabla mwezi haujaisha, na marufuku hayo yalidumu hadi 2004. Tarehe 11 Februari 1980 WKRP ilionyesha sehemu ambayo nusu yake ya kwanza ni shangwe ya kugawa tikiti hewani, na nusu ya pili ni asubuhi ya kesho yake, watumishi wamekaa kimya wakijiuliza walichangia nini. Kituo cha kubuni kiliuhimiza umati, kama vituo vya kweli huhimiza umati kila siku. Jibu halitolewi kwa ukamilifu. Mwaka uliofuata, vikundi vya kidini mfano wa Moral Majority ya Jerry Falwell viliposhinikiza watangazaji, mchezo ulimwonyesha Carlson, mtu wa kanisa na familia, akipelekewa orodha ya nyimbo za kufutwa. Anamsomea mhubiri maneno ya wimbo wa John Lennon, Imagine, bila tusi hata moja ndani yake, na mhubiri anaukata nao pia. Hapo ndipo meneja mwoga anapofahamu kwamba sasa yanayokatwa si matusi, ni mawazo.

Ukweli wa mwisho kuhusu kituo hiki umewekwa katika sehemu ya mwisho kabisa, ya Aprili 1982. Hesabu mpya za wasikilizaji zinafika na WKRP imepanda hadi nafasi ya 6. Watumishi wanashangilia, lakini mwenye mali, mama yake Carlson, anataka kukigeuza kiwe kituo cha habari tupu. Johnny ndiye anayeng'amua sababu: kituo kilikusudiwa tangu mwanzo kiwe na hasara, ili hasara hiyo ipunguze kodi ya mali zake nyingine. Ushindi wa watumishi ni kuharibu hesabu za tajiri. Kwa miaka minne watu wanane walikuwa wakihangaika kukiokoa kitu ambacho mwenyewe alitaka kizame. Ni ufunuo wenye ukali wa kitabaka usiotarajiwa katika mchezo wa CBS, na ni aibu kidogo kwamba watunzi waliuachia dakika chache tu, kisha mama akaona haya mbele ya mwanawe na mambo yakatulia. Ghadhabu ya mchezo huu hukaribia mlango mara nyingi, lakini haiingii.

CBS yenyewe haikuutendea mchezo kwa wema. Uliondolewa hewani baada ya sehemu chache za mwanzo mwaka 1978 kwa kukosa watazamaji, ukarudishwa Januari 1979, kisha ukawa unahamishwa kutoka usiku mmoja hadi mwingine hata wapenzi wake wakashindwa kuufuata. Ulipata umaarufu mkubwa baada ya kufa, ulipouzwa kwa vituo vya miji mbalimbali kwa marudio, kiasi kwamba kati ya 1991 na 1993 ulitungwa mwingine wa kuufuatia, usiofikia ule wa kwanza.

Ndipo tatizo la nyimbo likatokea. Wilson alitaka kituo chake kipige nyimbo halisi za wakati ule, si ala za kuazima. Mchezo ulirekodiwa katika kanda za video badala ya filamu, sababu mojawapo ikiwa kwamba ada za kutumia nyimbo katika kanda zilikuwa nafuu. Idhini hizo lakini zilikuwa za muda. Zilipokwisha, kila wimbo ulidai malipo mapya, na wenye mchezo hawakutaka kulipa. Nyimbo ziliondolewa, mahali pake zikawekwa ala zisizo na jina. Na kwa kuwa wahusika walisema juu ya nyimbo, au waliutaja wimbo uliokuwa ukisikika, kuondoa wimbo kulikuwa kuondoa pia maneno. Hivyo waliajiriwa waigaji wa sauti wayaseme upya mazungumzo ya Johnny na wenziwe. Katika sehemu ile ile ya bata mzinga lipo tukio dogo ambapo Carlson anaingia studioni na kuuliza kama ni mbwa anaowasikia wakibweka katika wimbo wa Pink Floyd. Katika DVD ya mwaka 2007 tukio hilo halimo.

Wanazuoni wa tenzi zilizonakiliwa kwa hati ya Kiarabu huko Lamu na Mombasa wanaifahamu hali hii. Nakala hutofautiana, mnakili hupunguza beti au huingiza zake, na kazi ya mhariri ni kuzipanga nakala zote na kueleza ipi imetoka wapi. Tofauti ni kwamba mnakili wa Lamu aghalabu alitaja jina lake mwishoni. Aliyebadilisha sauti ya Johnny Fever hakuandika kitu. Mtazamaji aliyeukuta mchezo huu katika marudio ya miaka ya 1990 alitazama kazi nyingine chini ya jina lile lile, na hukumu nyingi zilizotolewa juu yake tangu hapo zilitegemea nakala zilizokatwa.

Mwaka 2014 kampuni ya Shout! Factory ilitoa sehemu zote 90, nyimbo nyingi zikiwa zimerudishwa baada ya kulipiwa upya, lakini si zote. Wimbo mmoja haukupata kuwa na tatizo la maneno, ule wa kufungia kila sehemu. Mwimbaji wake, Jim Ellis, aliuimba kwa sauti zisizo na maana, kama mtu anayeonja lahani kabla ya shairi kutungwa, na Wilson akaamua ubaki vivyo hivyo, akijua kwamba mtangazaji wa CBS angeongea juu yake kila juma na hakuna ambaye angesikia. Watazamaji wengi wa Marekani wamejaribu kuyaandika maneno yake, na kila mmoja ameandika yake.